Hodi ya Fundi Kitasa

Jumatano moja, saa kumi na moja jioni, fundi ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Kitasa alikuwa amekaa benchi la nyuma katika chumba cha mikutano cha kanisa, akichokoa kwa ncha ya msumari grisi iliyojificha chini ya kucha zake. Watu walikuwa kumi na mmoja. Bibi Mwalimu, ambaye alikuwa amestaafu kufundisha lakini hajastaafu kuamrisha, alipita benchi kwa benchi na daftari mkononi, akimtaka kila mmoja ataje jambo moja tu ambalo Yesu alilifanya na ambalo yeye naye atalifanya kwa mwezi mzima.

"Sitaki hotuba," alisema. "Na mtu asiniambie atampenda kila mtu. Huko ni kukwepa. Jambo moja, lenye mikono na miguu."

Mshona viatu akasema ataacha kumjibu mama mkwe wake. Muuza maziwa akasema ataweka mtungi wa maji nje ya duka, anayepita na kiu anywe. Zamu ilipomfikia Fundi Kitasa, alifuta msumari kwenye suruali akautia mfukoni.

"Mimi nitabisha hodi," alisema.

"Hodi wapi?"

"Kwa watu. Yesu alikuwa mtu wa kuingia majumbani. Anakula na watu, anakaa, anauliza mgonjwa yuko wapi. Mimi milango ya mtaa huu karibu yote nimeitia vitasa kwa mkono wangu, lakini ndani sijakaa. Nikimaliza kukaza skrubu, naondoka."

Bibi Mwalimu akaandika. "Nyumba moja kila siku," alisema. "Na usiende na mkoba wa zana."

Kesho yake, baada ya kufunga karakana, fundi alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akaanza na nyumba ya mjane wa dereva wa lori. Mjane huyo alikuwa hajamfungulia mtu mlango tangu siku ya mazishi. Mlango wake ulikuwa na makomeo mawili ya chuma, na nyuma ya mlango alikuwa ameegemeza kabati la nguo. Fundi alisimama kizingitini akasema hodi mara moja, kwa sauti ya kawaida. Komeo la juu likateleza. La chini likalifuata. Kabati likasogea pembeni polepole, likiburuta miguu kama mtu aliyeamshwa kabla hajatosheka na usingizi, na mlango ukafunguka.

Mjane alikuwa jikoni, mikono imejaa povu la sabuni.

"Karibu," alisema. "Pita tu, hilo vumbi ni la kabati."

Fundi alikaa karibu saa nzima. Alisikiliza habari za marehemu, jinsi alivyokuwa akipiga honi mara mbili kila akirudi safari ili maji ya kuoga yainjikwe. Hakutoa ushauri wowote, kwa kuwa hakuwa nao. Aliporudi nyumbani alimsimulia mkewe.

"Mlango umejifungua wenyewe," alisema.

"Uliutia mafuta lini?" mkewe aliuliza. Aliitwa Mama Mapacha, na watoto hao mapacha walikuwa shule ya bweni.

"Mwaka wa sita huu."

"Basi yalikuwa mafuta mazuri."

Ikawa hivyo kila siku. Fundi akisema hodi, mlango unafunguka, uwe na kufuli, komeo au mnyororo, na aliyemo ndani anasema karibu kwa sababu mgeni ameshaonekana, hakuna tena jinsi. Kufikia wiki ya pili mtaa mzima ulikuwa unajua, na haukuona la kushangaza. Fundi mwenyewe, alipoulizwa, alisema vitasa amevizoea na vitasa vimemzoea. Waliopoteza funguo walimwita awasaidie, wakagundua kwamba kwa kazi za namna hiyo hodi yake haikufaa kitu. Ilimbidi atumie bisibisi kama fundi mwingine yeyote. Siku moja alijifanya anakwenda kumjulia hali jirani aliyeazima ngazi yake, huku moyoni anaifuata ngazi. Alibisha mara tatu. Mlango ulinyamaza kama haujasikia. Akarudi nyumbani amejiinamia, na ngazi akaichukua wiki nyingine, kwa kuiomba.

Wiki ya tatu alifika kwenye geti jeusi la Mzee wa Matofali.

Mzee wa Matofali alikuwa na kiwanda cha kufyatua matofali ya saruji, na kanisani alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Paa lililowakinga waumini na mvua lilitoka kwake. Madhabahu ilitoka kwake. Sasa alikuwa akipanga mnara wa kengele. Alikuwa mtu mpole, mwenye sala ndefu, na nyumbani kwake wageni hawakukauka. Fundi alisimama mbele ya geti akafikiri kwamba huyu hahitaji kutembelewa. Kisha akajiambia kwamba kuruka nyumba kwa kuwa ina geti ni sawasawa na kuruka nyumba kwa kuwa haina. Akabisha hodi.

Geti likafunguka. Mlango wa mbele ukafunguka. Halafu fundi akasikia nyumba nzima ikifunguka, chumba baada ya chumba: sebule, vyumba vya kulala, stoo ya nafaka, kabati la vyombo, sanduku la nguo, hadi kopo la biskuti lililokuwa mezani likatoa kifuniko chake kwa mlio mdogo. Mwisho kabisa, huko uani, likalia kufuli moja zito. Mlio wake fundi aliujua kama mzazi anavyokijua kikohozi cha mwanawe. Lilikuwa kufuli la pini saba alilolichonga yeye mwenyewe kwa tupa, miaka tisa iliyopita, kwa ajili ya stoo ya vifaa vya ujenzi.

Mzee wa Matofali alikuwa kwenye veranda, mchoro wa mnara umetandazwa magotini. Mkewe alikuwa ndani akipiga pasi.

"Karibu, Fundi," Mzee alisema. "Leo umetukumbuka."

Kabla fundi hajakaa, mwanamke alitokea uani kupitia jikoni. Alikuwa wa makamo, peku, amevaa gauni lililoshonewa mtu mnene zaidi, nywele zimekatwa kwa mkasi usio na subira. Alikuwa amekunja uso kwa sababu ya mwanga. Alivuta kiti cha plastiki akakaa pamoja nao.

"Karibu," naye alimwambia fundi.

Fundi alimtambua. Alikuwa dada wa Mzee wa Matofali. Zamani alikuwa akiimba sauti ya pili kwenye kwaya, mpaka Jumapili ya kuwekwa wakfu paa jipya, alipoanguka kwa kifafa mbele ya wageni wote waalikwa. Baada ya hapo mtaa uliambiwa kwamba amehamia kwa ndugu wa mbali, kwenye hewa nzuri. Mtaa ukaitikia kwamba hewa nzuri ni dawa.

Mke wa Mzee alileta chai. Alitazama waliokaa, akarudi jikoni akaongeza kikombe kimoja.

"Fundi," Mzee alisema baada ya muda, "kufuli lako limeharibika."

"Kufuli ni zima, Mzee. Limefunguka tu."

"Basi litengeneze."

"Sijaja na zana."

Dada mtu alikuwa akipuliza chai yake. Alimtazama fundi juu ya kikombe.

"Ndiwe uliyelifunga lile kufuli," alisema. "Nilikuwa ndani. Nilikohoa."

"Nilisikia," fundi alisema. "Niliuliza ni nani, nikaambiwa ni paka."

"Nilikohoa mara ya pili."

"Nayo nilisikia."

"Ukaendelea kukaza skrubu."

"Nikaendelea kukaza."

Walikunywa chai. Fundi aliweka kikombe chini. Alikuwa amekwisha kusema ukweli wote aliokuwa nao kuhusu jambo hilo, wala haukumpunguzia uzito aliokuwa ameutazamia upungue.

"Dada," alisema mwishowe, "nisamehe."

Dada alifikiri. Hakuwa na haraka. Haraka ilikuwa imemtoka miaka mingi. "Kwako kuna nafasi?" aliuliza.

"Chumba cha mapacha kiko wazi. Wako shule."

Dada akarudi uani, akatoka na kitana na Biblia isiyo na jalada.

"Ataanguka njiani," Mzee alisema.

"Akianguka tutamwinua," fundi alisema.

Mzee wa Matofali aliinuka akaenda kufunga geti. Alilisukuma, likarudi. Akalisukuma tena, likarudi tena, kwa adabu, kama mtu anayekataa kupokea kitu cha mkubwa. Mpaka fundi na dada walipokata kona ndipo lilipokubali kufungwa.

Dada alikaa kwa Fundi Kitasa siku nne. Siku ya pili alianguka jikoni. Mama Mapacha alisogeza sufuria ya moto, akamlaza ubavu, akamwekea kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, akakaa sakafuni karibu naye mpaka ikapita. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha mayai. Dada alipofumbua macho aliuliza kama amevunja kitu.

"Hujavunja," Mama Mapacha alisema. "Vitunguu vinakungoja, nusu umekata, nusu bado."

Siku ya tatu walikwenda sokoni pamoja. Watu walimwamkia dada, wakampa pole ya safari. "Umerudi?" waliuliza. "Nimerudi," alijibu. Mmoja alimuuliza huko alikokuwa hewa ilikuwaje. Dada alijibu kwamba ilikuwa kidogo.

Siku ya nne ilikuwa Jumapili. Alikaa katikati ya fundi na mkewe, benchi la saba. Kwaya ilipoanza kuimba, aliimba sauti ya pili kutoka pale alipokaa, na mwalimu wa kwaya, bila kugeuka, akashusha mkono wa kushoto kuwapunguza wengine ili asikike. Waumini wote walimwona. Wengi walikuwa wakijua. Ilionekana wazi kwa jinsi walivyokwepa kutazamana wao kwa wao.

Baada ya ibada, baraza la wazee liliitisha kikao ofisini. Fundi aliitwa, na Bibi Mwalimu akaingia bila kuitwa. Mzee wa Matofali alikuwa na karatasi yenye muhuri, iliyosema kwamba dada yake ni mgonjwa na kwamba yeye kaka ndiye msimamizi wake. Kaka zake wengine wawili walikuwa wametia sahihi.

"Hili ni jambo la familia," Mchungaji alisema. Alikuwa mtu mzuri na hakuwa amelala vizuri. "Kanisa haliingii chumbani kwa mtu."

"Yesu aliingia," Fundi Kitasa alisema.

"Fundi, hebu tuelewane. Huyu mzee ametufanyia mengi. Tazama juu yako."

Fundi alitazama juu. Paa lilikuwa zuri, mbao zimenyooka. "Nimeliona, Mchungaji. Nami namshukuru. Lakini dada alikaa miaka tisa gizani, na kufuli nililitia mimi. Mwaniambia nifuate mfano wa Yesu Jumatano, halafu Jumapili mwaniambia niuache mlangoni?"

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akasema fundi anapaswa kuangalia lugha. Bibi Mwalimu akauliza kama kuna aliyemuuliza dada mwenyewe anataka nini, na katibu akajibu kwamba hilo halimo kwenye ajenda. Kikao kikafungwa kwa sala. Aliyeomba alikuwa Mzee wa Matofali, na aliomba vizuri.

Jumatatu saa nne asubuhi Mzee alifika kwa Fundi Kitasa na ile karatasi, pamoja na mwenyekiti wa mtaa na askari wawili. Fundi alisimama mlangoni, mkono huku na mkono huku, akaujaza. Mwenyekiti wa mtaa alimwomba asimtie kwenye matatizo. Askari walikuwa wakitazama bawaba.

Dada alikuja nyuma yake. "Mwache, Baba Mapacha," alisema. "Watakuvunjia mlango. Mlango wa Fundi Kitasa ukivunjwa, nani atakuletea kazi tena?"

"Dada, sitaki uende."

"Hata mimi sitaki. Lakini sitaki ulale rumande, maana hapo nani atakuja kubisha hodi?"

Alimwachia Mama Mapacha kitana, akasema kitamfanya arudi. Akatoka kwa miguu yake.

Siku hiyo hiyo jioni fundi alikuwa kwenye geti jeusi. Akabisha, nyumba ikafunguka yote, mpaka uani. Alikaa na dada kwenye kitanda cha chuma, wakasoma sura moja kutoka ile Biblia isiyo na jalada. Lakini mlangoni palikuwa na vijana wanne kutoka kiwandani, wenye vifua vya kubeba saruji, nao walikuwa wameagizwa wamwache fundi atoke peke yake. Kesho yake Mzee alileta kufuli jipya kutoka mji mwingine. Likafunguka. Akaleta la namba za siri, ambalo muuzaji aliapa kwamba hata jini halifungui. Lilifunguka, tena likaonyesha namba zake. Ndipo Mzee wa Matofali akafanya analolijua vizuri kuliko wote: aling'oa mlango, akaagiza matofali mia na ishirini na saruji, akaziba pote. Aliacha tundu la kupitishia sahani na tundu jingine juu, la hewa. Kazi ilikuwa safi. Mistari ya saruji ilinyooka kama ya daftari.

Fundi alifika saa kumi na mbili kasoro. Geti lilimfungukia, nyumba ikamfungukia. Alipofika uani aliutazama ukuta. Alitia kiganja chake. Saruji ilikuwa bado na unyevu. Yeye alikuwa mtu wa vitasa. Ukuta hauna kitasa, hauna bawaba, hauna pa kutia ufunguo. Alisimama kidogo, akifikiri kwamba labda mambo yake yameishia hapo. Halafu akaona kwamba hakuna alichoahidi zaidi ya kubisha, na kubisha anaweza.

"Hodi," alisema.

"Karibu," dada alijibu kutoka ndani.

Matofali yakasogeleana, la juu likilipisha la chini, kama watu kwenye benchi wanaojibana kumpa mtu nafasi. Fundi akainama kidogo, akapita. Nyuma yake yakarudi mahali pake, na saruji ikaendelea kukauka.

Walizungumza mpaka mwanga wa tundu la juu ulipobadilika rangi. Wakati wa kuondoka, fundi alimshika dada mkono ili watoke wote. Akaaga. Dada akasema, "Nenda salama," na ukuta ukampisha fundi. Mkono wa dada ulifika kwenye matofali ukagota. Wakajaribu tena, dada akitangulia. Ukagota tena. Dada akajiaga mwenyewe kwa sauti: "Nenda salama, dada." Ukuta ulionekana kulifikiria jambo hilo, kisha ukabaki ukuta.

"Basi tumejua," dada alisema akiwa ndani. "Kuingia kuna hodi. Kutoka kuna ruhusa. Ninyi wageni wangu nawaruhusu mimi, mwenye chumba. Mimi anayeniruhusu ni mwenye nyumba."

Fundi alikwenda moja kwa moja verandani.

"Mzee," alisema, "sema tu neno. Mwambie dada aende salama. Hata ukuta huhitaji kuuvunja."

Mzee wa Matofali aliweka kalamu chini. Hakukasirika. "Nitaliombea jambo hilo," alisema.

Naye aliliombea. Fundi alimwona amefumba macho, midomo inatembea. Kesho yake fundi aliuliza tena, akajibiwa hivyo hivyo, na hata siku iliyofuata. Mwezi alioutaja kwa Bibi Mwalimu uliisha. Fundi hakutambua kwamba umeisha.

Wa kwanza kumfuata alikuwa mkewe. Mama Mapacha alikwenda na blanketi na sabuni, akabisha, akapita. Ukuta haukuuliza kama naye ni fundi. Halafu akaenda Bibi Mwalimu, aliyegoma kuinama hata matofali yakalazimika kusogea zaidi. Akaenda mshona viatu, akapima miguu ya dada, akamshonea viatu vya ngozi vilivyomkaa vizuri, ambavyo alivivaa chumbani humo kutoka kitandani hadi ukutani na kurudi. Mjane wa dereva alienda na redio. Wote waliingia kwa hodi, wakatoka kwa ruhusa ya dada, na kila mmoja alipitia verandani kumwambia Mzee neno lile lile. Mzee aliwaitikia wote kwa upole. Orodha yake ya maombi ikawa ndefu.

Baadhi hawakuweza. Mchungaji alifika siku moja, akabisha, ukuta ukatulia. Alikuwa amekuja kumshauri dada awe na subira. Alibaki amesimama uani na kofia mkononi, akasikia watu wakicheka huko ndani, akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi bila ushauri, akapita, akakaa sakafuni kwa kuwa kitanda kilijaa. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Jumapili alihubiri juu ya uvumilivu, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, na paa halikutajwa.

Kufikia msimu wa mvua, kipindi cha Jumatano kilihamia kwa dada. Chumba kilikuwa hatua tano kwa nne, lakini watu ishirini na wawili walikaa, na hakuna aliyelalamika kwamba amebanwa. Dada ndiye aliyefundisha. Bibi Mwalimu alimpa daftari mwenyewe, akasema huyu ana muda wa kusoma na hana muda wa maneno mengi. Alipoanguka katikati ya somo, waliokaa karibu walimlaza ubavu, wakamngoja, naye akaendelea kutoka kwenye mstari alioachia.

Mkutano mkuu wa mwaka ulifanyika mwezi wa mwisho. Katibu alisoma ripoti. Katika ukurasa wa pili alisoma kwamba usharika umefungua kituo kipya cha ibada, chenye mahudhurio yanayokua, kwa ukarimu wa Mzee wa Matofali aliyekubali makazi yake yatumike. Watu wakapiga makofi. Mzee aliinuka nusu, akainamisha kichwa, akaketi.

Fundi Kitasa alisimama. "Naomba iandikwe," alisema, "kwamba mwenyeji wa kituo hicho amefungiwa ndani, na kwamba kufuli la kwanza nililitia mimi."

Mchungaji alitazama meza. Katibu aliuliza aliandike chini ya kichwa gani, na baada ya kushauriana na mwenyekiti wa mkutano akaliandika chini ya Mengineyo. Fundi alimshukuru. Alisubiri alione limeandikwa, akasoma herufi moja moja, ndipo akakaa. Mkewe alimsogezea bega.

"Mwakani?" Mama Mapacha alinong'ona.

"Mwakani litasomwa tena. Na kesho niko verandani."

Jumatano iliyofuata ilinyesha tangu asubuhi. Mzee wa Matofali alikuwa verandani na mchoro wake, mkewe akipiga pasi mashati ndani ya dirisha lililo karibu. Kutoka uani ulikuja wimbo, sauti ishirini na kitu, na katikati yake sauti moja ya pili iliyoshika kila kitu mahali pake.

"Nani huyo anayeimba ya pili?" Mzee aliuliza.

"Wifi yangu," mkewe alisema.

"Ana sauti nzuri."

Mkewe alichomoa pasi. Aliikunja kanga ya kupigia pasi mara nne, akatoka kwenye mvua bila sahani wala kikombe mkononi. Mzee alimsikia akisema kitu mbele ya ukuta, akasikia matofali yakisogea, halafu yakirudi. Wimbo ulikatika kwa muda ambao watu huutumia kujibana. Ulipoendelea, sauti zilikuwa zimeongezeka kwa moja, iliyokuwa ikitafuta ufunguo na haijaupata bado, na ya pili ikashuka kidogo kuingojea. Mzee alisikiliza ubeti mzima. Kisha akaangalia mchoro, akaona mnara hauna hewa ya kutosha, akachukua rula akauongezea madirisha mawili.